Nadharia mbadala za muda na nafasi: zipi bado zinapumua, na zilizokufa zilikufia wapi?

#1 Kokotoa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu jukwaani haupiti mwezi bila mtu kufungua uzi wa "Einstein alitudanganya". Anabandika video ya dakika kumi, anawatukana maprofesa, anatokomea. Kumpinga Einstein hakuniudhi hata kidogo, maana wanafizikia wenyewe wanampinga kila siku na wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo. Kinachoniudhi ni kwamba nadharia mbadala zenyewe, zile zilizoandikwa na watu wanaojua hesabu, hazitajwi. Na hizo ndizo tamu.

Msingi kwanza, haraka haraka. Newton mwaka 1687 alisema nafasi ipo yenyewe, haijali ndani yake mna nini, na muda unakwenda kwa mwendo mmoja kwa kila mtu na kila mahali. Leibniz akabisha, kwenye barua zake kwa Clarke za 1715 na 1716: nafasi ni uhusiano tu kati ya vitu, ondoa vitu vyote uone kama kuna kinachobaki. Einstein mwaka 1905 akaja na lake: kasi ya mwanga ni ile ile kwa kila anayeipima, kwa hiyo muda na umbali ndivyo vinavyolazimika kubadilika. Mwaka 1908 Minkowski akaviunganisha viwili hivyo kuwa kitu kimoja chenye pande nne, muda-nafasi. Mwaka 1915 Einstein akamalizia: maada inakipinda kitu hicho, na kupinda huko ndiko tunakokuita graviti.

Sasa kwa nini mtu mwenye akili zake atafute mbadala? Ziko sababu mbili nzito. Moja, fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, bado inatumia saa ya Newton, saa iliyo nje ya mambo yote, wakati kwa Einstein saa ni sehemu ya mambo yenyewe. Nadharia mbili bora tulizonazo hazielewani kuhusu muda ni nini. Ya pili, galaksi zinazunguka kasi kuliko graviti ya nyota zake inavyoweza kuzishikilia. Ama kuna maada ya giza ambayo hakuna maabara iliyowahi kuikamata, ama sheria ya graviti ina kasoro, kama alivyopendekeza Milgrom mwaka 1983.

Mimi nadharia mbadala naiuliza swali moja tu: umesema utakufa kwa kipimo gani?

Chukua ya Brans na Dicke ya mwaka 1961. Wao walisema nguvu ya graviti haina namba ya kudumu, inapangwa na uga mwingine uliojaa kila mahali. Jinsi uga huo unavyojihusisha na graviti kumefungwa kwenye namba moja, omega. Omega ikiwa ndogo, ulimwengu unatofautiana sana na wa Einstein. Ikiwa kubwa sana, huwezi kuzitofautisha. Dicke miaka ya 60 alikuwa anaitegemea omega ya tarakimu moja. Basi Juni 2002 chombo cha anga cha Cassini, kikiwa njiani kwenda Zohali, kikapita upande wa pili wa Jua. Bruno Bertotti wa Pavia na wenzake wakapima mawimbi ya redio yanayopita jirani na Jua kwenda na kurudi. Mawimbi yalifanya kama Einstein alivyosema, kwa usahihi wa kama sehemu 2 katika 100,000. Maana yake omega lazima izidi 40,000.

Hiyo ndiyo namna ya heshima ya kushindwa. Walitaja namba, namba ikapimwa.

Karibuni. Matusi yapelekwe jukwaa la siasa.

#2 Binti Sayari

Nimeweka kambi hapa. Shusha nondo.

#3 Etha Hai

Mleta mada unapiga porojo za kitabuni. Etha, kile kitu kinachojaza nafasi yote na kubeba mwanga, ipo. Lorentz alikuwa na nadharia yake kamili kabla ya Einstein, na mpaka leo hakuna jaribio lililoikanusha. Nitajie moja tu. Mkishindwa mtasema "jumuiya ya wanasayansi imekubaliana".

#4 Kokotoa

Mkuu Etha Hai, kwa hilo la Lorentz uko sahihi kuliko unavyodhani, tulia nikueleze.

Mwaka 1887 Michelson na Morley pale Cleveland walijenga kifaa juu ya bamba zito la jiwe linaloelea kwenye zebaki, ili waweze kukizungusha bila mtetemo. Mwanga unagawanywa, nusu inakwenda huku, nusu kule, zinarudi kukutana. Kama Dunia inapita ndani ya etha, mistari ya mwanga ingesogea kama 0.4 ya upana wake kifaa kinapozungushwa. Walichokiona hakikufika hata sehemu ndogo ya hapo. FitzGerald mwaka 1889 na Lorentz mwaka 1892 wakajibu: vitu vinavyokwenda ndani ya etha vinajikunja kuelekea upande wa mwendo, kwa kiasi kile kile kinachotosha kuficha matokeo. Kufika 1904 Lorentz ana milinganyo yote.

Na milinganyo hiyo ndiyo ile ile ya Einstein wa 1905. Ndiyo maana hakuna jaribio la kuzitenganisha, zinatoa majibu yale yale hadi tarakimu ya mwisho. John Bell, huyu wa nadharia mashuhuri ya kwanta, mwaka 1976 aliandika kwamba wanafunzi wafundishwe pia kwa njia ya Lorentz kwa sababu inawafanya waone kinachotokea ndani ya fimbo inapojikunja. Bell si mtu wa video za dakika kumi.

Tatizo liko hapa. Etha ya Lorentz inajificha milele, kwa mujibu wa hesabu zake yenyewe. Kwa hiyo unaposema "haijakanushwa", hiyo haiwezi kuwa sifa yake. Haiwezi kukanushwa. Ukiiondoa kwenye hesabu, hakuna jibu hata moja linalobadilika.

Kuna etha nyingine za kisasa ambazo zimejitoa mhanga. Hořava mwaka 2009 alipendekeza kwamba kwenye umbali mdogo kupita kiasi, muda na nafasi vinaachana na muda unarudi kuwa na hadhi yake ya pekee. Nadharia za aina hiyo zinaweza kupimwa, maana zinaruhusu kasi ya mwanga itegemee nishati yake. Tarehe 10 Mei 2009 setilaiti ya Fermi ilinasa mlipuko wa miali ya gama ulioanza safari zaidi ya miaka bilioni 7 iliyopita. Fotoni (punje ya mwanga) moja ya nishati kubwa, 31 GeV, ilifika ndani ya sekunde moja tangu mlipuko uanze kuonekana. Safari ya miaka bilioni 7, hakuna kuchelewa kwa maana. Aina kadhaa za nadharia zilibanwa siku ile.

#5 Mzalendo Halisi

Nyie mnahangaika na mambo ya mbali. GPS peke yake inatosha. Bila Einstein, GPS ingekosea kilomita 11 kila siku. Mada imefungwa.

#6 Mpima Mipaka

Samahani mkuu Mzalendo, hiyo ya kilomita 11 inarudiwa kila mahali, lakini mimi ni mpima ardhi, GPS ndiyo inayonilisha, na sivyo mambo yanavyokwenda.

Saa za setilaiti, kule juu kilomita 20,200, zinawahi mikrosekunde 45 kwa siku kwa sababu graviti kule ni hafifu, na zinachelewa 7 kwa sababu ya mwendo. Baki ni 38. Watu wanazidisha 38 kwa kasi ya mwanga wanapata kilomita 11 na ushee. Lakini kipokezi hakina saa ya atomiki. Kinatumia setilaiti ya nne kujitafutia saa yake imepotea kiasi gani. Kosa ambalo setilaiti zote zinalo kwa kiwango kimoja linamezwa humo humo, pale ulipo hapasogei kilomita 11.

Kisichomezwa ni hiki. Njia ya setilaiti haiwi duara kamili. Ikikaribia Dunia inakwenda kasi na graviti inakuwa kali, saa inachelewa. Ikienda mbali, inawahi. Njia yenye upogo (kiasi cha kuachana na duara) wa 0.02 inaleta tofauti inayofika kama nanosekunde 46, na kwa muda huo mwanga unakuwa umetembea mita 14 hivi. Kila setilaiti iko mahali pake kwenye njia yake, kwa hiyo makosa hayafanani, hayafutani. Marekebisho haya hayafanywi angani. Yanafanywa na kipokezi, fomula imeandikwa kwenye waraka rasmi wa mfumo.

Nikiwa na kituo cha rejea pembeni, kosa la saa ya setilaiti linajifuta lenyewe, ndiyo maana kazi ya bikoni inafika sentimita. Simu yako haina kituo cha rejea. Toa ile fomula ndani ya simu uone. Mita 14 mjini umeshaingia kwa jirani, na kesi ya baraza la ardhi imeshaanza.

#7 Etha Hai

Hizo fomula ziliwekwa baada ya kuona saa zinakosea. Wakapima, wakaweka namba inayofaa, wakaiita Einstein. Ujanja wa kawaida.

#8 Mpima Mipaka

Kinyume chake, kaka. Juni 1977 Wamarekani walirusha setilaiti ya majaribio, NTS-2, ikiwa na saa ya sizi­amu. Wahandisi wenyewe walikuwa hawajakubaliana kama athari hizi zitaonekana, wakaweka swichi: marekebisho yakihitajika yawashwe kutoka ardhini, yasipohitajika basi. Waliiacha siku kama 20 bila kuwasha. Saa ikawa inawahi kwa sehemu 442.5 katika trilioni. Namba iliyokuwa kwenye karatasi kabla ya kurusha ilikuwa 446.5. Wakawasha swichi.

Na iko nyingine naipenda zaidi. Agosti 2014 setilaiti mbili za Galileo, mfumo wa Ulaya, ziliachwa na roketi kwenye njia yenye upogo mkubwa, hazikufaa tena kwa kazi iliyokusudiwa. Wanafizikia wakazidaka. Setilaiti inayopanda na kushuka zaidi ya kilomita 8,000 mara mbili kwa siku ikiwa na saa ya atomiki ni zawadi ambayo hakuna serikali ingekubali kuilipia. Matokeo yalitoka 2018, yakaboresha kipimo cha saa iliyorushwa kwa roketi mwaka 1976 kwa kama mara tano. Einstein akapita tena.

#9 Kokotoa

Mpima Mipaka, uzi umeuchukua na nimefurahi.

Sasa nizungumzie siku ambayo nadharia mbadala zilikufa nyingi kwa mpigo, 17 Agosti 2017.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1998 iligundulika kwamba ulimwengu unatanuka kwa mwendo unaoongezeka. Wengi wakaiita sababu yake nishati ya giza. Wengine wakasema hapana, hakuna kitu kipya, graviti yenyewe kwenye umbali mkubwa inafuata sheria tofauti. Zikachipuka familia nzima za nadharia, nyingi zikiwa matawi ya kazi ya Horndeski ya mwaka 1974. Pembeni kuna Bekenstein, ambaye mwaka 2004 aliipa hoja ya Milgrom mwili wa kueleweka ndani ya muda-nafasi, akaiita TeVeS. Nadharia hizi zilikuwa nzuri kwenye karatasi, na nyingi zilikuwa na tabia moja: mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko ya muda-nafasi yenyewe, hayaendi kwa kasi sawa na mwanga.

Siku hiyo mitambo ya kunasa mawimbi hayo, LIGO kule Marekani na Virgo kule Italia ikanasa mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zikigongana ndani ya galaksi NGC 4993, umbali wa miaka ya mwanga kama milioni 130. Sekunde 1.7 baadaye, Fermi ikaona mmweko wa miali ya gama kutoka upande huo huo. Baada ya muda wa saa kumi na moja hivi, darubini moja nchini Chile ikaipata nuru yenyewe, ikajulikana ni galaksi gani.

Pigeni hesabu wenyewe. Miaka milioni 130 ni kama sekunde 4,000,000,000,000,000. Washindani wawili wamekimbia muda wote huo, wamefika wakipishana sekunde 1.7, na hata hizo 1.7 huenda zilitokana na mmweko kuchelewa kuanza. Kasi zao hazitofautiani zaidi ya sehemu chache katika 1,000,000,000,000,000.

Ndani ya wiki chache za matokeo kutangazwa yalimiminika makala yanayoorodhesha marehemu. TeVeS ya Bekenstein, chali. Matawi makubwa ya Horndeski, chali. Kulikuwa na watu waliofanya shahada ya uzamivu nzima juu ya nadharia iliyozimwa na sekunde mbili. Wapo waliojaribu kuokoa, na mimi siwacheki: Skordis na Złośnik mwaka 2021 walichapisha sura mpya ya wazo la Milgrom ambamo mawimbi ya graviti yanakwenda kwa kasi ya mwanga. Hiyo bado inapumua.

#10 Mdau wa Ngomeni

Wadau hamjambo. Mimi ni mwenyeji wa upande wa Malindi, na nashangaa hamjataja nyumbani. Ile mitambo ya Waitaliano inayoonekana baharini hapa Ngomeni, San Marco, ndiko ilikorushwa setilaiti ya kwanza ya kutazama miali ya eksi angani, tarehe 12 Disemba 1970. Ilikuwa Jamhuri Dei, miaka saba ya uhuru wa Kenya, wakaibatiza Uhuru. Ni hiyo iliyoonyesha chanzo cha Cygnus X-1 kinapepesa upesi upesi, mpaka watu wakakubali kwamba pale pana shimo jeusi. Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipewa Nobeli 2002. Huku kwetu watoto wengi wanaijua mitambo, hawajui ilifanya nini.

#11 Kokotoa

Ahsante sana mdau. Na inahusu mada moja kwa moja: ndani ya shimo jeusi ndiko hesabu za Einstein zinakotoa majibu yasiyo na mwisho, na ndiyo sababu hata wanaompenda wanakubali kwamba hajafika mwisho wa safari.

#12 Binti Sayari

Nina swali. Nimesikia kuna wanaosema muda haupo kabisa. Si kwamba unachelewa au unawahi, haupo. Hawa nao ni wa kweli au ni wa video?

#13 Kokotoa

Ni wa kweli, dada, na hapa ndipo mimi mwenyewe napapenda kuliko pote.

Mwaka 1967 Bryce DeWitt, akifuata mawazo ya John Wheeler, aliandika mlinganyo wa kwanta kwa ulimwengu mzima. Ukiutazama, herufi ya muda haimo. Haikusahauliwa. Ukiuchukua ulimwengu wote, hakuna saa iliyobaki nje ya kuupimia.

Julian Barbour, Mwingereza ambaye hakuajiriwa chuo kikuu na kwa miaka mingi alijilisha kwa kutafsiri majarida ya sayansi ya Kirusi, aliamua kuuamini mlinganyo ule kama ulivyo. Kwake kuna hali za ulimwengu tu, kila moja nzima, na baadhi zimebeba ndani yake kumbukumbu zinazofanana na "jana". Mwaka 1982 aliandika kazi muhimu ya kumrithi Leibniz na mwanafizikia Ernst Mach, na mwenzake alikuwa Bruno Bertotti. Ndiyo, yule yule wa Cassini. Mtu aliyesaidia kujenga nadharia mbadala moja ndiye aliyeibana nyingine kwa kipimo.

Kuna njia ya kati ya Page na Wootters, 1983. Wanasema ulimwengu mzima umetulia, lakini ukiugawa vipande viwili vilivyofungamana kwa namna ya kwanta, kipande kimoja kinaweza kuwa saa ya kingine. Aliye ndani anaona mabadiliko, aliye nje haoni kitu. Mwaka 2013 watafiti wa Torino walionyesha mfano wake kwa fotoni mbili: mmoja wa fotoni anatumika kama mshale wa saa, unapolinganisha unaona mwenzake anageuka, lakini ukizipima zote mbili kwa pamoja kama kitu kimoja, hakuna kilichobadilika. Haithibitishi kwamba ulimwengu uko hivyo. Inaonyesha kwamba hoja haijipingi.

Upande wa pili kabisa yuko Lee Smolin, anayesema muda ndio wa kweli na nafasi ndiyo inayozaliwa baadaye. Ajabu ni kwamba yeye na Carlo Rovelli, ambaye kwake muda si jambo la msingi, walifanya kazi pamoja. Mwaka 1995 walipata kwamba katika nadharia yao ya vitanzi, inayojaribu kuunganisha graviti na kwanta, eneo lina kipimo cha chini kabisa lisichoweza kushuka, kwenye kiwango cha Planck, mita 1.6 gawa kwa 1 yenye sifuri 35.

Na usimpite Rafael Sorkin. Kwake muda-nafasi ni punje zilizopangwa kwa "hii ilitangulia ile", basi. Kutokana na hilo, kabla ya 1998, alikadiria ukubwa wa ile nguvu inayotanua ulimwengu, akaupatia kwa kiwango chake. Watu wengi wa nadharia ya nyuzi, inayosema kila kitu ni nyuzi nyembamba zinazotetema, wenye bajeti kubwa kuliko yake, hawakuwa na kadirio kama hilo.

#14 Abdi Msafiri

Muda ni kiumbe cha Mungu. Mnahangaika bure.

#15 Kokotoa

Sheikh, hatujagombana. Tunataka kujua kiumbe hiki kimeumbwaje.

#16 Etha Hai

Sawa. Mimi nina nadharia yangu, kurasa 40. Muda ni mtiririko wa etha kuingia kwenye maada. Naomba mnipe heshima ile ile mliyowapa hao wazungu.

#17 Kokotoa

Unayo, kuanzia sasa. Nakupa sharti lile lile walilopewa.

Weka saa mbili za atomiki, moja ufukweni Tanga, nyingine kileleni Kilimanjaro, mita 5,895. Kwa Einstein hesabu ni nyepesi, kidato cha sita anaiweza: 9.8 zidisha 5,895, gawa kwa kasi ya mwanga ikizidishwa kwa yenyewe, kisha zidisha kwa sekunde 86,400 za siku. Saa ya kileleni inawahi kama nanosekunde 55 kila siku. Na usiseme hazipimiki. Mwaka 2022 maabara ya JILA kule Colorado ilipima tofauti hiyo kwenye kimo cha milimita moja.

Kwa etha yako inayotiririka, saa ya kileleni inawahi au inachelewa, na kwa kiasi gani? Namba moja tu. Kurasa 39 zilizobaki tutazisoma baadaye.

#18 Mpima Mipaka

Na aonyeshe njia, asilete jibu tupu.

#19 Etha Hai

Nipeni mpaka Jumapili.

#20 Binti Sayari

Mods msifunge uzi. Jumapili nipo.